Kumi ya Kopa Aliyoikalia Elimringi

Kaka yangu Elimringi ni mtu wa asilimia. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, hajibu kama binadamu wengine. Anatazama juu, anafumba jicho moja, anasema, "Asilimia arobaini na mbili." Hiyo mbili kaitoa wapi? Muulize mwenyewe, na ukimuuliza jiandae kukaa, maana maelezo yake hayaishi leo.

Tuna duka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, fremu nyembamba ambayo wateja wawili wanene wakiingia pamoja mmoja inabidi atoke kinyumenyume. Tunauza kava za simu, chaja na vioo vya kubandika. Baba alipofariki, Elimringi kama mtoto wa kwanza alirithi kiti cha nyuma ya kaunta, na mimi Evelyn, mdogo wake, nikarithi kazi zote zinazofanywa kwa kusimama. Majirani wanamwita Mangi, kama wanavyomwita kila mtu wa kutoka Kilimanjaro mwenye duka, na yeye jina hilo, ambalo maana yake ni chifu, kalichukua kwa uzito wake wote. Anajikuta kweli.

Asilimia zake zimemtia hasara kila mahali. Aliwahi kumpenda Zulekha, msichana mzuri, mcheshi, aliyekuwa anauza manukato duka la pili kutoka letu. Mwanamume mwenye akili angemnunulia soda. Elimringi alimwambia, "Kwa jinsi unavyocheka nikikusemesha, uwezekano wa wewe kunikubali ni asilimia sitini na tano." Zulekha akamwuliza, "Na hizo thelathini na tano nizipeleke kwa nani?" Akazipeleka zote mia kwa muuza vitenge wa ghorofani, na sasa wana mtoto wa pili.

Poka, ule mchezo wa karata, alijifunza kwenye simu, kwenye gemu la sarafu za bure. Hakuwahi kukaa na watu wa kweli mezani hata siku moja, lakini alizungumza kama mtu aliyezaliwa kasino. Wateja wangu walipata tabu. Mtu amekuja na haraka zake, anataka chaja awahi Posta, Elimringi anamshika mkono.

"Sikiliza kaka. Una kopa nne, unahitaji ya tano. Kopa kwenye karata ziko kumi na tatu. Toa nne ulizonazo, zimebaki tisa. Hizo tisa ndizo kadi zako za kukuokoa. Kama kadi mbili bado hazijafunguliwa, zidisha kwa nne. Tisa mara nne?"

"Thelathini na sita. Bei gani chaja?"

"Thelathini na sita! Hiyo ndiyo asilimia yako. Ikibaki kadi moja, zidisha kwa mbili tu. Halafu linganisha na unachoweka na unachoweza kupata. Ukiona utakachopata kinazidi hatari yako, unaweka bila kuangalia nyuma."

Na sitamnyima haki yake, hesabu yenyewe ni ya kweli. Mchumba wangu Eliasi anafundisha hesabu sekondari. Aliikagua akasema iko sawa, inakosea padogo tu. Loh, kosa nililofanya ni kumfikishia kaka habari hiyo. Kuanzia siku hiyo hata chumvi kwenye mboga alikuwa anaitolea uwezekano.

Sasa, mimi na Eliasi tulipanga sendofu yangu, sherehe ya kwetu kuniaga kabla ya harusi, iwe mwanzoni mwa Desemba. Kwetu sendofu bila ndafu ni mkutano wa kula wali. Mbuzi mzima anabanikwa, anaingizwa ukumbini juu ya meza, amesimama kwa miguu yake minne, majani mabichi mdomoni, watu wanaimba, akina mama wanapiga vigelegele. Mbele yake anatembea baba wa binti. Kama baba hayupo, anatembea kaka. Kaka ndiye anayesimama mbele ya wakwe na kusema, huyu ni binti yetu, na huyu ni mnyama tuliyemchinja kwa ajili yake. Binti anakata nyama, anawalisha wakwe, na hapo ndipo watu wa upande wa pili wanajua kwamba unatoka kwenye nyumba yenye watu.

Elimringi alilichukua jambo hili vizuri kuliko nilivyotarajia, lazima niseme. Alikwenda mwenyewe mnadani Pugu akachagua mbuzi maksai mweupe, mwenye doa jeusi sikioni, amenona hadi anatembea kwa kujisikia. Alishona koti la bluu. Siku moja nilirudi dukani nikamkuta nyuma ya kaunta anafanya mazoezi ya kutembea: hatua moja, anasimama, kidevu juu, hatua nyingine. Hakuniona. Nilirudi nje nikalia, maana baba alikuwa anatembea hivyohivyo.

Mbuzi tulimhifadhi kwa Pantaleo, mwenye bucha ya kona, mtu wa Rombo, Mchaga mwenzetu, mpana, mpole, mwenye sauti ya chini. Uani kwake Vingunguti alikuwa na nafasi, na pia alikuwa na dume la ng'ombe alilokuwa analinenepesha kwa ajili ya Krismasi. Kazi ya kuchinja na kubanika tulikuwa tumempa yeye.

Pantaleo, akishafunga bucha mchana, hukaa kwenye benchi lililo chini ya ngazi za ghorofa, mkabala na duka letu. Benchi hilo ni la Mzee Khalfani, mtu wa Kilwa aliyeuza viungo kwa jumla miaka mingi na sasa amewaachia watoto duka. Yeye na rafiki yake Uledi, mstaafu wa Bandari, wanacheza karata hapo kila siku tangu mimi nikiwa na sare za shule. Mchezo wao ni wahedi wa sitini. Hawawekeani kitu chochote. Aliyeshindwa anazomewa na kunywa kahawa akiwa amesimama, basi.

Jumamosi moja nilitumwa na shangazi Stella, mwenyekiti wa kamati ya sendofu, nimwite Elimringi aje kuonyeshwa mpangilio wa meza. Nikamkuta benchini. Amekaa katikati, miguu ameitanua, anawahutubia.

"Shikamoo Mzee Khalfani. Shikamoo Mzee Uledi."

"Marahaba binti. Njoo umsikilize kaka yako. Anasema sisi tunacheza mchezo wa kuvutia usingizi."

"Sijasema vibaya," Elimringi akasema. "Nimesema poka ni mchezo wa akili. Nyinyi mnacheza kwa mazoea."

"Basi tufundishe, Mangi," Pantaleo akasema kwa ile sauti yake ya chini.

Karata za Elimringi, za plastiki, za kung'aa, alikuwa kaziacha nyumbani. Mzee Khalfani akamsukumia za kwake, zilizolainika kwa vidole vya miaka. Kaka yangu akazipokea kwa ncha za vidole. Hakuzihesabu. Hakuzifunua hata moja. Mtu anayehesabu vitu ambavyo havipo, vilivyokuwa mkononi mwake hakuvigusa kwa macho! Akazichanganya kwa mbwembwe, akagawa.

Mchezo ni huu: kila mtu anapewa kadi mbili za siri, kisha katikati zinafunguliwa tano za watu wote, tatu kwanza, halafu ya nne, halafu ya tano. Mwenye mpangilio bora anashinda. Walicheza raundi kadhaa za kujifunza, wazee wanaguna, Pantaleo anauliza maswali ya kijinga, Elimringi anajibu kama mwalimu mkuu. Kuna wakati akainamia sikio langu.

"Umeona kitu, Evelyn? Tangu tumeanza haijatoka kumi hata moja. Wala tisa. Wala nane. Zimejazana humo chini. Uwezekano wa kutoka sasa ni mkubwa sana."

Mimi sijui poka, lakini macho ninayo. "Si kila raundi mnazichanganya upya? Zitajazanaje?"

"Wewe huwezi kuelewa," akaniambia.

Mzee Khalfani alikuwa anauma mdomo wa chini. Uledi alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Nikadhani ana kikohozi.

Raundi iliyofuata Elimringi alishika kadi zake mbili, na uso ukamng'aa. Alikuwa na ree, ile karata ya moja inayowapiga wote, na K. Katikati zikafunguliwa tatu: Q, J na nne. Maana yake alikuwa na J, Q, K na ree kwa mfululizo, na ili mfululizo ukamilike alihitaji kitu kimoja tu duniani. Kumi.

Pantaleo akaweka kadi zake wazi mezani, hakuficha. Nne na nne. Pamoja na ile ya katikati, nne zikawa tatu. "Mimi nimeshapata changu, Mangi. Wewe bado unasubiri. Acha tu."

"Niache?" Elimringi akacheka. "Kumi ziko nne. Kadi mbili bado hazijafunguliwa. Nne mara nne ni kumi na sita. Nafasi yangu ni moja kati ya sita."

"Sasa si ndogo hiyo?"

"Ni ndogo ukiweka kikubwa kupata kidogo. Ukiweka kidogo kupata kikubwa, ni biashara."

Pantaleo akajikuna shingo. "Basi tuone. Mimi naweka lile dume langu. Wewe weka yule mbuzi."

"Astaghafiru," Mzee Khalfani akasema, akavuta nyuma bilauri yake ya kahawa. "Benchini kwangu hapana kamari. Kama mnayafanya hayo, yafanyeni wenyewe, sisi hatumo." Lakini hakuondoka. Hakuna aliyeondoka.

"Kaka, mbuzi yupi? Elimringi! Mbuzi yupi?"

"Tulia, mdogo wangu. Dume ni sawa na mbuzi saba. Napata saba kwa kuweka mmoja, na nafasi yangu ni moja kati ya sita. Hesabu inasema weka."

"Yule ni ndafu wangu!"

"Utakuwa na ndafu na ng'ombe juu. Wakwe watazimia."

Nilimshika shati. Akanitoa mkono taratibu, kwa huruma, kama unavyomtoa mtoto asiyejua hatari ya jiko. Huruma ile ndiyo iliyonichoma. Akampa Pantaleo mkono, wakakubaliana.

Kadi ya nne ikafunguliwa: mbili. Elimringi akatikisa kichwa kwa utulivu, akasema sasa ni nne mara mbili, asilimia nane, bado inawezekana. Ya tano ikafunguliwa: saba.

Kaka yangu alisimama, akavuta pumzi, akampa Pantaleo mkono tena kama wale wa kwenye televisheni. "Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ni bahati tu. Hebu nione kumi ilikuwa wapi." Akachukua karata zilizobaki, akaanza kuzifunua moja moja. Tano. Ree. Sita. J. Tatu. Akaongeza kasi. Akafika mwisho. Akarudia tangu mwanzo. Kisha akakusanya na zile za mezani akazitazama zote.

"Kumi ziko wapi?"

Hapo Uledi akashindwa. Alicheka hadi akashuka benchini akakaa chini. Mzee Khalfani akajifuta machozi kwa kanzu. "Mangi," akasema, "kwenye wahedi wa sitini nane, tisa na kumi hazina kazi. Tunaziondoa siku karata inaponunuliwa. Watoto wote wa mtaa huu wanajua."

"Mmezipeleka wapi?"

"Benchi lilikuwa linayumba." Mzee akainama, akanyanyua kona ya benchi, akachomoa chini ya mguu kifurushi cha karata kilichokunjwa, kimebonyea katikati. Ya juu yake ilikuwa kumi ya kopa. "Hiyo hapo. Ulikuwa umeikalia."

Watu wa maduka walishatoka nje. Kariakoo nzima inaweza kushindwa kukuonyesha njia ya choo, lakini jambo la aibu wanalinusa kutoka mtaa wa tatu. Vicheko vilipaa mpaka ghorofani, na kule juu nikamwona Zulekha dirishani na mtoto wake begani, meno yote nje.

Pantaleo hakucheka. Naomba hilo lijulikane. Alingoja kelele zipungue, akasema, "Mangi, mimi sili mbuzi wa dada yako. Sema tu hapa mbele ya wazee, 'Sikuziangalia karata.' Maneno mawili hayo. Mbuzi ni wako, na nitambanika kama tulivyoagana."

Nikashusha pumzi. Nikamtazama kaka yangu. Maneno mawili, jamani! Mtoto wa chekechea angeyasema na kuongeza la tatu.

Elimringi akajivuta kola. "Kwa karata kamili," akasema, "hesabu yangu ilikuwa sahihi."

"Hakuna aliyesema hesabu ni mbaya. Sema hukuangalia."

"Asilimia kumi na sita na nusu. Mwulize yeyote."

Akavuka barabara akarudi dukani, akakaa kwenye kiti cha baba, akaanza kupanga kava ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilimpa siku zote zilizobaki. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikampeleka kwa shangazi Stella, naye akamtukana vizuri kunizidi. Mwishowe nikakata jani la isale kwenye ua wa kanisa letu, nikaliweka juu ya kaunta mbele yake. Kwetu, mtu akikuletea isale ameshaomba msamaha hata kabla hajafungua mdomo, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Nilitaka avuke tu barabara nalo. Hata kusema asiseme. Nilitoka kumhudumia mteja, niliporudi nikamkuta analitumia kufuta vumbi kwenye kioo cha kabati.

"Umeleta jani zuri," akaniambia. "Halikwaruzi."

Nilihisi kitu kinazimika ndani yangu, kidogo tu, lakini nilikihisi. Nikatoka nikavuka barabara mwenyewe. Pantaleo alikuwa anakata mifupa. Nilimwambia ninachotaka, akaliweka shoka chini.

"Una uhakika, dada Evelyn? Hilo haliondoki."

"Nina uhakika."

Kisha nikaenda kwa Mzee Khalfani, nikamwomba kitu kimoja kutoka chini ya mguu wa benchi lake. Alinipa bila kuuliza. Benchi likaanza kuyumba tena, akaliwekea kipande cha boksi.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Elimringi alikaa meza ya mbele na koti lake la bluu, kanyoa vizuri, kapendeza, sidanganyi. Alikuwa na uhakika. Nilikuja kujua baadaye kwamba alimwambia shangazi Stella kuna asilimia tisini Pantaleo atamleta mbuzi, kwa sababu mtu wa Rombo hawezi kuharibu sendofu ya mwenzake. Na hapo alipatia kabisa. Ila hakuhesabu nani angemwongoza mbuzi huyo.

MC akatangaza kwamba ndafu anaingia. Akina mama wakaanza kuimba. Kaka yangu akafunga vifungo vya koti, akasimama, akainua kidevu. Akapiga ile hatua aliyokuwa anaifanyia mazoezi. Mlango ukafunguliwa, na mbele ya mbuzi alikuwa tayari anatembea Pantaleo, kwa suti nyeusi, taratibu, kama mtu wa familia. MC akasema, "Na anayetuletea ndafu, kwa niaba ya ukoo, ni kaka yetu Pantaleo!"

Elimringi akabaki katikati ya ukumbi, hatua moja kutoka kwenye kiti chake, koti limefungwa. Watu wakamtazama, wakadhani amesimama kwa furaha, wakampigia makofi. Shangazi Stella akamvuta koti kwa nyuma akakaa. Moyo uliniuma. Nilitaka kumwita, naapa nilitaka, mdomo ukafunguka kabisa. Nikaufunga.

Mbuzi alipopita karibu na meza yake ndipo aliponyanyua macho. Mdomoni mwa ndafu, badala ya majani, kulikuwa na karata iliyokunjika, ina alama ya mguu wa benchi. Wakwe walidhani ni pambo la mjini, wakapiga picha. Mama mkwe alinong'ona kwamba watu wa Dar wana vitu.

Nilikata nyama. Nikawalisha wakwe, nikamlisha mama yangu aliyekuja kutoka Machame, nikafika kwa kaka. Nikampa kipande cha ubavu, kile anachokipenda, na nikachomoa ile kumi ya kopa, inanuka mafuta, nikaiweka kwenye sahani yake.

"Imekuja," nikamwambia.

Aliitazama. Nikangoja asilimia. Akala nyama yake yote, akaipangusa ile karata kwa kitambaa, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Picha kubwa ya siku ile mama aliipeleka nyumbani kwetu Machame, akaitundika sebuleni juu ya kiti kirefu, mahali pa picha ya heshima. Mimi nacheka, wakwe wanacheka, na Pantaleo amesimama katikati ameshika pembe ya ndafu. Kila Desemba tunapopanda Moshi, nyumba inajaa wageni, na Elimringi hukaa kwenye kiti kilekile, chini ya picha ileile, kwa sababu ndicho kiti cha mtoto wa kwanza. Mgeni mmoja lazima atauliza, "Na huyu aliyeshika ndafu, ndiye kaka yake Evelyn?" Mama hujibu kwamba hapana, huyo ni mwenye bucha. Kaka huinuka, husema anakwenda kuangalia ng'ombe, na hukaa huko zizini mpaka wageni waondoke.